Uma wa Mama Mkwe

Weye Aziza, ile riwaya yangu ya kuchekesha, ya wapelelezi wawili wa Kasongo, imenifia mikononi. Bibi Victorine, mwenye kisa chenyewe, amenieleza mwisho wake sasa hivi. Nalia hapa.

Mwanzo unaujua. Wakati wa Wabelgiji, mume wake Théophile anaitafuta ile kadi ya évolué, ya Mwafrika aliyehesabiwa kuishi kizungu. Wazungu watakuja kukagua nyumba: meza, choo, visu, mpaka uma za kulia. Halafu uma mmoja unapotea!

Basi Victorine na jirani yake Nuru wakaanza upelelezi. Waliingia jiko kwa jiko, wakikagua ndizi za kuchoma za watu kama zina matundu manne ya uma. Ndizi, Aziza! Katekista aliwafukuza na ufagio.

Na unajua ndizi yenye matundu waliikuta wapi? Kwa mama mkwe. Mama mzazi wa Théophile! Amejificha nyuma ya nyumba, uma mkononi, midomo inatoka damu.

"Ninajifunza," akasema. "Mutoto wangu akipata kadi atakula ku meza. Sitaki aniache peke yangu chini."

Ninajifunza! Na midomo ile!

Victorine hakumwambia mume wake kitu. Uma akamwachia mama.

Siku ya Wazungu ikafika. Wako mlangoni tayari, ndipo Théophile akamwambia mama yake akae jikoni mpaka waondoke.

Mama alikuwa ameshavaa kitenge chake kipya, Aziza. Na ule uma ameushika mkononi, ameusugua mpaka unang'aa.