Nimekujia Chakula

Jumatatu, 6 Oktoba

Nyanya, nyanya, nyanya. Kreti zimepangwa hadi mlangoni. Vidole vimekunjana kama vya bibi kizee.

Ni kosa la dada mmoja wa benki. Alisema suugo yangu, mchuzi wangu wa nyanya, ni tamu ila maganda yanamng'ang'ania menoni kama karatasi. Haya basi, namenya! Nachanja nyanya kitakoni, natumbukiza kwenye maji yanayochemka, natoa, natia kwenye maji baridi, ganda linavuka lenyewe. Shida ni kwamba Garissa maji baridi hakuna. Ya tangi yanatoka yamejichemsha. Ramlo, jirani yangu mwenye duka, hunipa barafu ya friza yake, na suugo ikiiva inalala humo humo. Wateja wangu ni walimu na watu wa maofisi. Wakirudi jioni wanapasha tu, wanamwagia wali au pasta. 

Hooyo – mama mkwe wangu – alikaa kivulini akinitazama. Akauliza harusi ni ya nani. Nikasema hakuna harusi. Sasa nyanya zote hizi ni za nani? Za watu, nikasema.

Akaridhika. Kwake yeye "watu" ni wageni. Nami nikaliacha hivyo hivyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Khalif, mume wangu, amepiga simu kutoka Diff, kule karibu na mpaka wa Somalia. Yuko huko dukani kwa kaka yake, na mbuzi wetu wachache waliobaki. Tangu mkataba wangu wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera uishe, wimbo wake ni ule ule: kama sina kazi, tunalipia nyumba mtaani Iftin kwa nini? Tuhamie Diff sote.

Nikamwambia kazi ninayo. Kazi gani? Ya suugo. Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akasema mama akiwa radhi, sawa, tubaki. Mama asiporidhia, mwezi ujao anatuma lori lije lichukue vyombo.

Kwa hiyo kila kitu kiko mikononi mwa Hooyo, na Hooyo hata hajui kwamba nauza!

Sitaki Diff. Naandika hapa kwa sababu mahali pengine siwezi kusema. Binti yetu Kaaha ndiyo kwanza amepata marafiki gredi ya nane, na kila siku ananisimulia habari za maabara. Na mimi – naipenda sufuria yangu. Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo hakuna mtu wa kuja kuniambia ufadhili umekatwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa!

Nilikuwa kwa Ramlo nikichukua mikebe. Kurudi, namkuta mteja wangu mmoja, mwalimu wa kemia, kijana wa Kitui, amekaa juu ya mkeka wa Hooyo. Mbele yake sinia: wali, suugo, ndizi pembeni, maziwa ya ngamia. Jasho linamtoka, anakula. Hooyo amekaa karibu naye anampepea na kipande cha katoni.

Nilikuja kuelewa baadaye. Alifika getini akasema, "Nimekujia chakula." Maskini, alitaka mkebe wake tu! Lakini nani huku kwetu husimama mlangoni kwa watu akatamka neno kama hilo? Mwenye njaa hasemi. Unamtazama tu, unajua. Hooyo akaona huyu amefika mwisho kabisa, hadi haya imemtoka. Akamshika mkono, akamwambia kwa Kiswahili chake kisicho na p: "Bita ndani, kijana. Kula, kula. Usiogobe."

Naye akadhani ndiyo huduma yenyewe!

Alipomaliza akanawa, akashukuru vizuri, akatoa noti, akaiweka kwenye kiganja cha Hooyo.

"Besa ya nini?"

"Ya chakula, mama."

"Mimi nauza?"

Hakuitupa. Aliiacha ianguke tu mkekani, akajikokota ndani, akafunga mlango. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe. Nikampa mkebe wake akaenda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hooyo hasemi nami. Tarishi wetu ni Kaaha. Ayeeyo (ndivyo Kaaha anavyomwita bibi yake) anasema chai haina sukari. Ayeeyo anasema umfungulie dirisha.

Baada ya swala ya Ijumaa ndipo akaniita mwenyewe. Aliongea polepole, macho ukutani. Kwamba mzee Dekow, baba yake Khalif, alikuwa akimchinjia msafiri kabla hajamuuliza ni wa ukoo gani. Kwamba mwaka wa ukame mbaya walimpa mgeni maziwa, na watoto wao wakalala na maji. Umaskini, alisema, tuliuvumilia. Kuutangaza mlangoni, hapana.

Jibu nilikuwa nalo. Hooyo, wale wasafiri hawakuwa na kitu, hawa wana mshahara! Na sisi leo tungechinja nini? Nililimeza.

Lakini jioni, nikisugua sufuria, nimeona kwamba sikunyamaza kwa heshima tu. Kwa Kiswahili nasema "mteja" bila shida. Kwa Kisomali, mbele yake, kumhusu mtu aliyevua viatu akakaa mkekani kwetu – neno linanikwama. Neno la mteja wa dukani lipo. La mteja wa mkekani hakuna. Pengine ana haki ya kuumia. Mimi pia nina haki ya kupika. Nimechoka, na nina hasira, na bado nampenda huyu mwanamke.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijapika. Nyanya zinalainika. Wateja wanauliza kwenye simu, unaumwa? Khalif amepiga. Sikupokea.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeamka nikamkuta Hooyo jikoni, amekalia kibao, kreti miguuni. Anamenya nyanya mbichi kwa kisu! Nusu ya nyanya inaondoka na ganda. Amesema kwake chakula hakiozi. Basi, hilo tu.

Nikachemsha maji nikamwonyesha. Ganda la kwanza lilipovuka vidoleni mwake alicheka hadi mtandio ukamwanguka. Tukamenya pamoja.

Kisha mwalimu akaja. Alisimama nje ya geti, sukari mkono mmoja, majani ya chai mkono wa pili.

"Hooyo, nimekuja kukusalimia tu."

Naunusa mkono wa Ramlo hapo, ndiye aliyemfundisha! Hooyo alipokea kwa mikono miwili. Akamkalisha, akamuuliza mama yake hajambo, ana mbuzi wangapi, wanakula nini huko Kitui. Wakaongea mbuzi mpaka nikasahau nimeweka kitunguu motoni. Kijana alipoinuka suugo ilikuwa imeiva, na Hooyo akaniita kwa sauti, kwa Kiswahili ili mgeni asikie:

"Mulki! Mgeni anaondoka mikono tubu?"

Nikajaza mkebe. Akaupokea kama zawadi, akaondoka.

Punde simu yangu ikalia ule mlio wa M-Pesa. Hakuna mtu Garissa asiyeujua, Hooyo naye anaujua. Hakuinua kichwa.

"Ni Khalif?"

Nikaigeuza simu, kioo chini.

"Kama ni Khalif, mwambie mama yake hajambo. Kama si Khalif, usiniambie."

Akachukua nyanya nyingine.

Sasa najifanya naandika mahitaji ya sokoni. Sijui amenipa ruhusa au amenionya. Siwezi kumuuliza, maana nikiuliza nitakuwa nimemwambia.

Simu inalia tena. Inaita, na jina ni Khalif. Anataka jibu lake la lori, najua. Hooyo ameliona jicho langu. Ameinuka, amenyoosha mkono, maganda yamemganda vidoleni, anasema nimpe yeye aongee na mwanawe.