Wanataka niikatae barabara, na mimi naisubiri nyumba

Mama Mshauri, shikamoo. Nakuandikia huku mtoto wa pili amelala mapajani na wa kwanza anachora ukutani, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba nisamehe, si machozi, ingawa na machozi yapo. Nataka mtu aniambie la kufanya kabla ya Jumamosi.

Shule sikufika mbali, mume wangu ni fundi wa plasta, na tunaishi wote wanne katika chumba kimoja, kilekile alichopanga marehemu mama yangu. Mtaa wetu ni mfupi, upande mmoja unatokea barabara kuu na upande wa pili unaishia kwenye ukuta, kwa hiyo gari halina sababu ya kuingia ila liwe limepotea, na likipotea sote tunatoka kulicheka likirudi kinyumenyume.

Sasa nikwambie mambo ya viti. Jioni mtaani kwetu kila mlango unatoa kiti nje, hakuna aliyeamrisha, ndivyo nilivyokuta. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, alikuwa anatoa chake, nacho bado ninacho, akakaa anapinda nguo za watu, kinyozi anatoa kile cha kuzunguka ambacho hakizunguki tena, na mkunga mstaafu wa mlango wa kijani, aliyenipokea nikizaliwa na akanilea mama alipofariki hata namwita bibi, anatoa cha kamba. Watoto wote wa pale tumejifunza kutembea kwenye viti hivyo, unashika kimoja, unaachia, unakimbilia kingine, ukifika ukutani watu wanapiga makofi. Mimi naambiwa nilifika ukutani nikakaa chini nikaangua kilio kwa sababu viti vimeisha, na mama alikuwa akisimulia hiyo anacheka mpaka anafuta macho kwa kitambaa cha mteja. Mwanangu wa kwanza alipita humohumo, kinyozi akimwita mkaguzi wa viti, na huyu wa pili sasa anasimama, anakitazama kiti cha mbele, bado hajaachia.

Nyuma ya ukuta palikuwa uwanja mtupu, na ndipo zinapojengwa nyumba mpya, safu kwa safu, mume wangu ni mmoja wa wanaozipiga plasta, asubuhi anazunguka kulekule yanakoingilia malori ya mchanga na jioni anarudi mweupe kwa vumbi. Nilipokuwa mdogo barabara kuu ilikuwa na malori ya safari tu, mama ananishika mkono tunavuka huku tunaongea, lakini kila walipojenga nyumba wakafungua mdomo mwingine wa kumwaga magari pale, siku hizi ukitaka kuvuka unasimama mpaka mtoto anaomba kubebwa. Kwa hiyo watu wanaosimamia barabara wamesema basi, mdomo mpya hawautaki, nyumba mpya zitumie njia iliyopo. Njia iliyopo ndiyo sisi. Ukuta utavunjwa na mtaa utapanuliwa mpaka kwenye vizingiti vya milango yetu.

Na kosa ni letu, mama. Walituita wakabandika ramani kubwa, kila mtu akakimbilia kutafuta nyumba yake. "Hii hapa yangu!" "Wewe, hicho ni choo cha kinyozi!" Tukacheka, tukapiga picha, tulipoulizwa kama tumeelewa tukaitikia ndiyo kwa sauti moja. Ni juzi tu, walipokuja kupigilia vigingi mbele ya milango, ndipo bibi akauliza, "Nyie, hivi vigingi ni vya nini?" Kijana wa vigingi akamwambia, "Si mlikubali, bibi?"

Jumamosi ndiyo mkutano wa mwisho wa kupokea maoni, na mtaa umekaa ukanichagua mimi niseme. Bibi alinishika bega akasema, "Sisi wazee wataona tunaogopa vumbi tu. Wewe una mtoto anayeanza kutembea. Simama naye pale useme barabara hatuitaki." Nikaitikia, nikashindwa kumwambia jambo moja, kwamba mafundi walipewa nafasi ya kuomba kupanga kwenye zile nyumba mpya, na sisi tuliomba, na tumepata. Vyumba viwili na kajiko. Mume wangu ameshapiga plasta ukuta ambao wanangu watalala chini yake, na siku hiyo aliurudia mara ya pili ingawa hakuna aliyemwambia.

Nilipomweleza kuwa nimechaguliwa akaweka sahani chini.

"Mama watoto, ukikataa barabara, zile nyumba watu wataingia kwa ngazi?"

"Na bibi nitamwambia nini?"

"Mwambie umeumwa koo."

"Na mtaa je?"

"Mtaa ni mzuri, nani kakataa? Nimekuoa humuhumu. Lakini humu ndani nikitaka kugeuka kitandani inabidi kwanza niitishe kikao."

Nikacheka, na ndicho kinachoniuma, kwamba nilicheka.

Nikisema, nawaangusha wanangu na baba yao. Nikinyamaza, namgeuka mtu aliyenilea. Na tukishahamia, hao watakaopita pale kilipokaa kiti cha mama yangu kwenda kununua mkate ni sisi wenyewe, maana kwenye ile ramani nilitafuta duka sikuliona. Bado nina imani kuna njia, ila siioni. Nionyeshe.

Mama Wawili, wa mtaa wa ukutani

MAJIBU

Marahaba, Mama Wawili. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya viti. Umenigusa, kwa sababu na mimi ninapo mahali nilipojifunzia kutembea, na leo pamesimama taa za kuongozea magari. Haya, tumeshalia. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Ramani inabandikwa, mtaa mzima unatafuta nyumba yake kama watu wanaotafuta sura zao kwenye picha ya harusi, halafu mnaitikia ndiyo! Nyumba yako unajua ilipo, umelala humo jana. Ulichotakiwa kutafuta ni barabara: inatoka wapi, inaishia wapi, inapita kwa nani. Jumamosi fikeni mapema na muanzie hapo.

La pili, nani kakwambia kuna mambo mawili tu, kukataa au kuumwa koo? Usiende kukataa nyumba. Watu wanalala wanne chumba kimoja, wewe ukiwemo, na mume wako kuurudia ukuta ule mara mbili si kosa lake, ni upendo. Lakini lile neno ulilolitupa mwishoni kama maji ya kuoshea vyombo ndilo zito kuliko yote. Hakuna duka. Na shule ya watoto uliiona? Zahanati je? Wakijenga nyumba tu, kila familia italazimika kutoka kufuata chumvi, na wote watakutana barabara kuu. Wasafiri wa mbali hawakuijaza ile barabara peke yao. Tumeijaza sisi wa karibu, tunaofuata mkate.

La tatu, na hapa nilitaka nikufinye sikio. Umeandika mwenyewe kwamba mume wako anazunguka kule yanakoingilia malori ya mchanga. Kumbe malori yanaingia, na ukuta bado umesimama! Basi njia ipo. Huenda ni ya muda, huenda ni ya vumbi na inazunguka, lakini lori lililojaa mchanga linapita. Muulize leo inatokea wapi, na kama pana makutano ambayo tayari yapo, hujaomba mdomo mpya. Umeomba njia ya malori itengenezwe, iwe ndiyo njia ya magari ya nyumba zile.

Fanya hivi. Kwanza nenda kwa bibi yako, leo, kabla hajasikia kwa kinyozi. Mwambie, "Bibi, tumepata nyumba upande wa pili." Atanuna. Mwache anune. Mtu aliyekupokea ukiwa huna hata nguo ameshakuona katika hali mbaya zaidi, na kabla hujaondoka atakuuliza kama chumba cha watoto kina dirisha. Kisha waambie na majirani, na kama baada ya hapo hawakutaki tena uwe msemaji, kubali. Nadhani watakutaka zaidi, maana pale mkutanoni utakuwa mtu pekee mwenye mguu mmoja kila upande wa ukuta.

Jumamosi simama na mume wako, naye aeleze ile njia, kwa kuwa anaipita kila siku. Wewe sema mambo matatu. Magari yapite kule, na njia iwe tayari kabla mtu wa kwanza hajahamia. Duka na shule ya watoto viwekwe kulekule katikati ya nyumba mpya. Na ukuta usivunjwe, utobolewe mlango wa watembea kwa miguu, wa upana wa kupita baiskeli na kigari cha mtoto. Hakikisha wanaandika, omba wakusomee walichoandika. Sikuahidi kwamba watakubali yote, wahandisi nao wana hesabu zao. Lakini watakuwa wamesikia jambo la kujibu, badala ya kilio cha kusubiri kipite.

Na nyumba yenu hamieni bila kuona haya. Viti vingine viache vilipo, ila cha mama yako kibebe. Mlango ukitobolewa, kiweke upande wa pili wa ukuta, palepale karibu, ili huyo mdogo akifika mwisho asikae chini kulia kama ulivyolia wewe. Apite, akute kingine cha kushika.