Mayai Aliyoyaacha Baba Mkwe

Nyakatuntu, Jumatano, 12 Novemba. Asubuhi ukungu, kisha manyunyu mpaka saa nne.

Mama, shikamoo.

Goti lako linasemaje? Na mvua, huko Singida imeshagusa ardhi? Sisi tu wazima wa mwili, ila nyumba imepoa tangu tumzike baba mkwe. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema: wafiwa wote tunalala sebuleni juu ya nyasi, na kila neno linasikika.

Ulinifundisha kuinua banda la kuku juu ya nguzo na kuvisha kila nguzo kipande cha bati ili mnyama ateleze. Nilifanya hivyo hivyo. Projestus, mdogo wa mume wangu, alinicheka: "Shemeji, kwenu kuku wanalala ghorofani?" Baba mkwe hakucheka. Alishika nguzo, akaitikisa, akasema, "Litasimama." Tangu siku hiyo kuku wakawa wake. Kabla hajaugua alichagua mayai, akayatazama moja moja kwenye jua, akamwekea kuku mwekundu ayaatamie. Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake.

Sasa, Mama, hapa nyumba imezungukwa na migomba, ndiyo wanaita kibanja, na kaburi limo humo humo. Mtu akifa, panga halikati kitu kibanjani mpaka matanga yaanuliwe. Juzi upepo uliinamisha mgomba wenye mkungu mkubwa, ukaegemea paa la banda. Niliona mara moja kwamba yale mabati hayana kazi tena. Mnyama amepata daraja. Nikamwendea mama mkwe.

"Mama, naomba niukate ule mgomba."

"Unataka kumkatia migomba yake, naye hajazoea hata kulala pale?"

Hakupandisha sauti. Projestus akasema kesho atauvuta pembeni kwa kamba, kamba haina ubaya.

Kesho yake kulipokucha nilikuta manyoya mpaka kwenye mibuni. Kuku wamelala ovyo bandani, shingo zimetafunwa. Kwenye shina la mgomba kulikuwa na mikwaruzo mibichi ya kucha. Jirani alisema ni yule paka mwitu mwembamba mwenye mkia wa mapingili. Kuku mwekundu peke yake alipona, kwa kuwa kikapu chake nilikuwa nimekifungia ndani ya boksi la mbao.

Mama mkwe alikuja, akatazama, kisha akauliza, "Mayai yake je?"

"Yapo, mama."

"Mnyama akishaonja hurudi. Mwingize kuku ndani."

Unajua mwenyewe, kuku anayeatamia ukimhamisha anaweza kuyasusa mayai. Nilisubiri giza, nikambeba na kikapu chake, nikakiweka kwenye kona ya sebule.

"Na huyu naye kaja msibani?" Projestus akauliza.

"Mwache," mama mkwe akajibu. "Naye kafiwa."

Watu wakacheka kidogo. Lakini kuku alitoka kikapuni, akawa anazunguka miguuni mwa watu, na mayai yamebaki wazi. Nilimrudisha, akatoka tena. Nikagusa yai, lilikuwa limeanza kupoa. Hapo mama mkwe aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na koti la marehemu ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa. Alimrudisha kuku, akamfunika kwa koti lile, akamsemesha Kinyambo polepole kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Kuku akatulia. Mama mkwe akalala pale pale, mkono juu ya kikapu.

Leo jioni ameniita. Akachukua yai moja, akaniwekea sikioni. Ndani kuna kitu kinagonga. Nilipomtazama alikuwa ameshalirudisha yai na kujifunika kanga usoni, akalia kwa sauti, yeye ambaye hata kaburini hakutoa chozi. Tulimwacha alie.

Nisalimie baba, na kaka anayechunga ng'ombe, na shangazi mfinyanzi, umwambie chungu chake kilifika salama, ndicho tunachochemshia maji ya waombolezaji. Mume wangu amerudi kazini, anakuamkia.

Ni mimi mwanao,
Salome

Wote wamelala. Nazima taa, saa saba kasoro robo usiku.