Jina la Aliyenirudisha

Tata, baba yangu,

Shikamoo. Utashangaa kuandikiwa barua, wewe uliyekataa katakata kukaa kwenye darasa langu la kisomo. Kijiji kizima kilikuja, hata baba mdogo Marwa akajifunza kuandika jina lake, lakini wewe ukasema huwezi kufundishwa na mtu uliyemfundisha kutembea. Haya. Leo nitaandika mimi, kisha nitamsomea Mama kwa sauti hapa kando ya zizi ulipozikwa, na wewe utasikiliza upende usipende. Kuna jambo nilikudanganya kwa miaka mingi. Jana nimejua kwamba hukudanganyika hata kidogo, na tangu jana napumua vizuri.

Unakumbuka siku ofisa elimu alipokuja na gari la wilaya? Ndio kwanza tulikuwa tumehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari, na wewe ukilalamika kila asubuhi kwamba unamsikia jirani akikohoa. Ofisa akasema nimechaguliwa kwenda Helsinki, huko Ulaya ya kaskazini, kwenye mkutano wa walimu wa watu wazima, nikaeleze jinsi tunavyowafundisha wanakijiji kusoma. Baba mdogo Marwa hakungoja hata chai ipoe.

"Huyo akishavuka maji harudi. Ungekubali tu wale ng'ombe wa watu wakati ule."

Alikuwa anaisema posa uliyoikataa nilipokuwa msichana mdogo, ili nibaki shuleni. Jambo hilo hakukusamehe kamwe. Wewe ukaweka kikombe chini.

"Bhoke nimechunga naye," ukasema. "Njia ya nyumbani anaijua."

Wazee wote walisikia. Kuanzia hapo safari haikuwa yangu peke yangu. Nisingerudi, wewe ndiye ungechekwa kwenye kila pombe ya kijiji mpaka unaingia kaburini.

Na kweli ulichunga nami. Hukuwa na mtoto wa kiume, basi fimbo ukanipa mimi, watu wakasema wakachoka. Ulinifundisha mambo mawili. La kwanza ni jua. Malisho yetu yalikuwa upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi tunakwenda jua likiwa mgongoni, na jioni, jua likishainama, tunalipa tena mgongo na kurudi. La pili ni kutouliza njia. Ulisema mchungaji akiuliza njia kwa mtu asiyemjua, amewaambia wezi wa ng'ombe kwamba yuko peke yake na hajui alipo. Tembea kama mtu anayekwenda kwake, ulisema, hata kama hujui unakwenda wapi. Nilikuwa na miaka minane, nikayameza yote mawili.

Nilipanda basi mpaka Musoma, meli mpaka Mwanza, kisha ndege mbili au tatu, sikumbuki, maana nilisinzia na kutapika kwa zamu. Helsinki nilikuta nyumba za mawe zimeshikana bega kwa bega na tramu, yaani magari marefu yanayopita juu ya reli katikati ya barabara, watu wamekaa ndani kimya kama wako kanisani. Asubuhi ya kwanza nilimsalimia kila mtu niliyepishana naye. Wawili waliitikia.

Siku ya pili ikawa zamu yangu kuzungumza. Mwenyeji wetu alikuwa ametuonyesha tramu ya kupanda, lakini mimi nilitoka hosteli mapema nikaenda kwa miguu, jua mgongoni, na nikafika bila taabu. Niliwaambia kwamba darasa letu linaanza na neno ng'ombe, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu asiyetaka kuwaandika ng'ombe wake. Walicheka, wakapiga makofi muda mrefu. Hapo kichwa kikavimba, Tata. Jioni wenzangu walipokwenda kupanda tramu, niliwaambia watangulie, mimi nitatembea. Mtoto wako alitaka kurudi kwa njia uliyomfundisha.

Ilikuwa saa kumi na mbili, na jua bado liko juu. Nikakaa kwenye benchi ningoje liiname. Saa moja ikafika, halafu saa mbili ya usiku, na jua linanitazama tu. Watu wanapita na watoto wao wakila aiskrimu. Saa tatu nikaona limeshuka kiasi, nikasimama, nikalipa mgongo, nikaondoka kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda.

Nilitokea baharini.

Asubuhi ile hapakuwa na bahari popote. Nikarudi nyuma, nikakata kushoto, nikakata tena, na kila kona ilikuwa na nyumba zile zile na majina ambayo sikuweza kuyatamka. Polisi nilimpita. Kina mama wenye vikapu niliwapita. Mkononi nilikuwa na ufunguo wa chumba, una kibao cha mti chenye anwani ya hosteli, na kumwonyesha mtu yeyote kile kibao kungemaliza kila kitu. Lakini nilitembea uso mkavu kama ulivyonifundisha, nisije nikaibiwa ng'ombe ambao sikuwa nao. Nilipita kituo kimoja cha tramu mara tatu. Mara ya tatu nilimwona baba mdogo Marwa akilini mwangu, anakunywa chai yake polepole, anasema nilisema mimi. Hapo nililia, huku nikijifanya napenga kamasi.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale kituoni, mtu mzima, amevaa sare ya makondakta wa tramu. Kumbe aliniona mara zote tatu. Alikuja akanishika kiwiko, nikaukumbatia mkoba wangu kwa nguvu. Hakukasirika. Alifungua vidole vyangu taratibu, akasoma kile kibao, akatikisa kichwa na kutabasamu. Tukapanda tramu pamoja, tukashuka, tukatembea kidogo, akanifikisha mpaka mlangoni. Hatukuwa na lugha hata moja ya kuzungumza. Aliweka kiganja kifuani akataja jina lake, nami nikataja langu, kisha akasimama pale pale mpaka nilipoingia ndani.

Niliporudi nyumbani ulikuwa umeita ukoo mzima. Hukungoja hata nishushe mzigo.

"Ulipotea?" ukaniuliza mbele yao wote.

Baba mdogo Marwa aliinua macho. Nikasema, "Sikupotea, Tata. Nililipa jua mgongo."

Ulipiga paja lako ukacheka mpaka ukakohoa. Tangu hapo hadithi hiyo ulitembea nayo, mnadani Mugumu, harusini Nkende, hata Sirari kwa watu ambao hawakukuuliza. Ningewezaje kuivunja? Lakini tulipobaki wawili, ulikuwa na swali jingine. Uliniuliza tukifunga zizi, ukaniuliza tena mwaka wa ukame, ukaniuliza mara ya mwisho ukiwa kitandani.

"Aliyekuonyesha njia ni nani?"

"Jua," nilijibu mara zote tatu. Wewe ulitikisa kichwa tu.

Jana nilikuwa namkamua yule ng'ombe wa kahawia mwenye alama nyeupe usoni, aliyezaliwa wiki niliyorudi. Ng'ombe wako wote uliwapa majina isipokuwa yeye, nami nilidhani ni uzee. Nikamwambia Mama, kwa utani, kwamba ulimsahau huyu maskini.

"Hakumsahau," Mama akasema. "Alikuwa anangoja jina."

"Jina gani?"

"La mtu aliyekurudisha."

Nilisahau desturi yako, Tata. Mtu akikurudishia mnyama aliyepotea, anakula kwako, na ndama jike anayefuata kuzaliwa anaitwa jina lake, asisahaulike. Mama akanieleza mengine. Nikiwa bado Helsinki, bwana mifugo aliyesomea nchi za kule alikwambia kwamba wakati huo jua la huko halizami upande linakozama letu. Ulirudi nyumbani ukakataa chakula. Ulimwambia Mama, "Bhoke amepotea, na mimi ndiye niliyempoteza." Ulikaa siku tisa hivyo. Niliposhuka kwenye basi ulijua kabisa nilipotea, na ukaniuliza mbele ya watu kwa sababu ulijua nitakavyojibu.

"Mbona hakuniambia?" nikamuuliza Mama.

"Alisema mtoto amerudi, basi."

Nilicheka, nikalia, ndoo ikamwagika. Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa siku utakayojua, kumbe wewe ulijua kabla yangu, na ulichotaka ni kushukuru. Sina tena cha kuficha, Tata. Nimelala usiku kucha, jambo ambalo sikulifanya tangu tukuzike.

Kwa hiyo pokea jibu la swali lako, ingawa limechelewa. Nilipotea. Aliyenionyesha njia anaitwa Aino. Asubuhi hii nimemwita ng'ombe wako kwa jina hilo, na Mama ameanza kulitumia, ingawa analitamka anavyotaka yeye.

Lala salama, Tata. Nimerudi.

Binti yako uliyechunga naye,
Bhoke