Kuvu Kwenye Sauti Yangu

Jumatatu, 3 Februari

Nimesafisha vali mbele ya kioo kama kila asubuhi. Ingiza brashi, zungusha, toa, suuza. Imetoka na uchafu mweupe, mzito kama ukoko wa uji. Jana vilevile.

Kisha chai. Funda la kwanza tu, nikakohoa mpaka machozi. Chai ikatokea kwenye tundu la shingo, ikalowesha kitambaa.

Vali inavuja. Hapa hakuna wa kumdanganya.

Kipande cha silikoni, kidogo kuliko kifungo cha koti. Waliniwekea baada ya saratani kuniondolea zoloto, kisanduku cha sauti kooni, na sauti niliyofundishia Kiswahili miaka yote ile. Kinakaa kati ya njia ya hewa na njia ya chakula. Nikiziba tundu kwa kidole gumba, hewa inapita humo na maneno yanatoka. Sauti ya mwanamume mwenye mafua. Siipendi. Ndiyo niliyo nayo.

Jioni nilimpigia Mama kijijini Asembo. Presha ya macho imemaliza kuona kwake, kwa hiyo kwake mimi ni sauti tu. Siku ya kwanza aliposikia hii mpya alikata simu. Sasa ameizoea. Leo aliuliza, "Nyathina, mwanangu, mbona unakohoa hivyo?"

Nikasema vumbi.

Alhamisi, 6 Februari

Kliniki. Foleni ndefu. Daktari Wanjala alimulika tundu kwa tochi. Kuvu imeota kwenye vali na kuingiza mizizi ndani ya silikoni. Kifuniko hakifungi tena. Alichukua uchafu kwa pamba, akapeleka maabara.

Vali nyingine hakuna Kisumu. Nairobi pia hakuna. Mpaka iagizwe ng'ambo. Lini? Hakuna tarehe.

Amenipa dawa ya matone ya kuua kuvu. Inaacha ladha ya chuma.

Jumapili, 9 Februari

Meza ya Bwana, kanisani Kondele. Nilijua nisinywe. Nikanywa. Divai ikatokea shingoni, mbele ya Mama Mchungaji, juu ya gauni jeupe. Watu walidhani ni damu. Mtoto mmoja akapiga kelele.

Mume wangu, Baba Achieng, alinishika mkono tukatoka nje. Njiani alitazama chini. Aibu yake niliiona. Yangu kubwa zaidi.

Jumatano, 12 Februari

Majibu yametoka. Kuvu haiko peke yake. Ina bakteria.

Nafula wa maabara aliniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Nyuzi ndefu, zimepindana kama nyavu zilizotupwa ufukweni. Juu yake vitone vidogo vimeng'ang'ania, vishada kwa vishada. Nyuzi ni kuvu, vitone ni bakteria. Wote wamezama katika ute walioutengeneza wenyewe. Utando, anauita.

Niliandika kwenye karatasi: Wanafanya nini pamoja?

"Wanalishana, Mwalimu," akasema. Bakteria fulani wanatoa asidi, kuvu inaila. Kuvu nayo inamaliza hewa ya oksijeni iliyo karibu, na wale wasioitaka oksijeni wanajificha chini yake wakastarehe. Ute wa kuvu unazuia dawa isiwafikie bakteria. Tena kuvu inamwaga kemikali yake. Ikiwa kidogo, bakteria wanakuwa sugu. Ikizidi, inawaua.

Niliandika: Kwa hiyo ni marafiki au maadui?

"Inategemea siku," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Yote hayo yanatendeka shingoni mwangu, na sikualika mtu.

Daktari anasema ukipiga mmoja tu, mwenzake anapata nafasi. Ukiwapiga wote kwa nguvu, mwili wangu ndio utakaoumia. Matone yaendelee. Nisugue vizuri.

Kama vile nilikuwa sisugui.

Ijumaa, 14 Februari

Baba Achieng ameleta maziwa ya mala kutoka soko la Kibuye, galoni zima. Alisikia kwamba bakteria wa maziwa yaliyoganda wanatoa vitu vinavyoizuia kuvu isishike. Daktari alipoulizwa alisema ni kweli wengine yamewasaidia, ila hatoi ahadi.

Nimekunywa bilauri mbili polepole. Mazito, hayavuji sana. Mume wangu alikaa akanitazama koo kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Nilimpigia Mama. Maneno manne, kikohozi. Maneno matatu, kikohozi. Akasema nipumzike, ataongea yeye. Akaongea habari za mbuzi.

Jumanne, 18 Februari

Baridi kali, na nje jua la Kisumu linachoma mabati. Kifua kinauma upande wa kulia. Sikupiga simu.

Jumamosi, 22 Februari

Wodini. Nimonia. Chai, uji, mala, mate yangu mwenyewe, vyote vimekuwa vikiteremka kwenye mapafu.

Wameitoa vali. Daktari alinionyesha kwenye kidishi. Njano, imevimba, kingo zimeliwa. Ilinuka. Kwenye nafasi yake wamepitisha mpira wa kulishia, ili tundu lisijifunge. Sasa nikiziba shingo hakuna kinachotoka.

Dawa ya sindano ni ya bakteria. Daktari mwenyewe anasema kuvu itafurahia. Lakini kwanza nipone.

Sina sauti. Nimeandika sentensi hii mara mbili, nikafuta moja.

Jumanne, 25 Februari

Mama amekuwa akipiga simu tangu juzi. Leo Baba Achieng alipokea hapa kitandani, akaweka spika. Alimweleza: kifaa kimeharibika, kimetolewa, anaendelea vizuri, anakusikia.

"Basi aseme."

"Hawezi, Mama. Ndiyo hiyo nakueleza."

"Hata kukohoa? Juzijuzi alikuwa anakohoa."

Nilijaribu. Upepo tu ukatoka shingoni. Nikapiga makofi. Nikagonga kitanda kwa kijiko.

"Hicho ni kijiko," Mama akasema. "Mnanificha. Mtoto wangu amekufa."

Akakata.

Nimemchukia mume wangu kwa kuweka spika. Si haki, najua.

Alhamisi, 27 Februari

Jirani wa Mama amepiga simu. Mama amepiga nduru. Wanawake wamekuja, viti vimepangwa uani. Wakimwambia mwanawe ni mzima, anauliza mbona basi hasemi. Hataki kula. Amesema atakula tukimletea maiti.

Nimemwandikia daktari: Niruhusu niende. Akasema homa haijashuka. Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Akasema, "Mwalimu, ukifa njiani utakuwa umemthibitishia."

Nililia. Kulia bila sauti ni kazi ya pua na mabega tu.

Jumatano, 5 Machi

Homa imeshuka. Wameniruhusu, mpira ukiwa bado shingoni. Kuvu imeonekana tena, kwenye mpira huohuo na ulimini. Vali haijafika. Hata ikifika, nyama ya pale imechubuka, huenda isishike. Daktari hakuzungukazunguka. Nilimshukuru kwa hilo.

Kesho Asembo, kwa pikapu ya jirani yetu.

Alhamisi, 6 Machi

Tulifika mchana. Wanawake uani wakainuka. Mama alikuwa kwenye mkeka, amekonda. Nilipiga magoti, nikauweka mkono wake usoni pangu.

Akapapasa paji, pua, midomo. Akashuka shingoni, akagusa mpira. Akauondoa mkono haraka, kama aliyegusa jiko. Niliumia. Nikabaki pale pale.

Kisha akaurudisha. Akaweka kiganja mbele ya tundu, akasubiri. Pumzi yangu ikampiga. Ikampiga tena.

"Ina joto," akasema.

Akawageukia wanawake. "Rudini kwenu. Mtu wangu anapumua. Leteni uji."

Kwa nani, wakauliza.

"Kwangu. Yeye mtajua mnamlishaje."

Jumapili, 9 Machi

Baba Achieng amerudi Kisumu. Nimebaki. Nafula ameandika kwamba vali bado haijafika.

Mama anaongea mchana kutwa. Habari za mbuzi, za marehemu baba, za bei ya omena. Anasahau, anauliza swali, anasubiri jibu, anakumbuka. Akikumbuka ananigusa mkono. Halafu anaendelea.

Alasiri tulikaa mlangoni. Akauliza kama mvua imeanza au ni upepo tu kwenye majani.

Nilichukua mkono wake, nikaunyoosha nje ya paa.