Ua la Njano la Baba

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Mimi mzima, ila goti la kushoto limejifanya mkubwa wa nyumba: likikataa kusimama, sote tunakaa.

Limechanua! Ule mmea chotara, niliopata nilipochukua chavua ya ua la bluu kwa brashi nikaipaka kwenye ua jeupe, umetoa ua la njano. Siyo njano ya kupiga kelele, ni njano ya siagi. Unayajua maua haya ya dirishani yenye majani ya manyoya: zambarau, bluu, waridi, meupe. Njano sijamwona mtu nayo. Muuza maua wa sokoni ameniahidi meza kwenye maonyesho yao ya Juni, ila anataka picha kwanza.

Hapo ndipo shida ilipo. Nikipiga kwa simu, ua linatoka jeupe kama pamba. Simu inanisingizia. Wewe kazi yako ni kupiga picha za bidhaa, nifundishe.

Baba yako

19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo inanikimbiza. Juzi nimeshinda napiga picha makochi, mteja akaja juu akidai kochi lake la kijani nimeligeuza la bluu. Goti lifunge kitambaa cha maji ya moto, usilibembeleze.

Kamera haijui nyeupe ni ipi, Baba, inakisia. Balbu inaupaka ukuta unjano, na lile pazia lako jekundu linamwaga wekundu chumba kizima. Zima taa, sogeza pazia pembeni, weka chungu karibu na dirisha jua lisipopiga moja kwa moja. Kisha weka karatasi nyeupe kabisa kando ya ua, vyote viwili viingie kwenye picha. Karatasi ndiyo itakayoniambia ukweli wa ua.

Tena mimea chotara ina vituko. Joto likizidi hupauka, baridi ikiingia rangi hukolea. Ua la leo lisipofanana na la mwezi ujao usigombane nalo.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limetulia, kichwa ndicho kinachemka.

Nimefanya yote uliyosema. Lakini karatasi za siku hizi! Nimenunua kwa jirani yetu mwenye duka, nafika nyumbani naona ina unjano. Nikairudisha. Akanipa nyingine, yale yale. Nikamwambia, "Bwana, unaniuzia karatasi zilizolala juani?" Akacheka: "Mzee, hiyo ni nyeupe pe pe pe." Nikamwachia duka lake.

Picha nimekutumia na karatasi hiyo hiyo mbovu, utajua mwenyewe pa kurekebisha. Maisha yangu yote nimechanganya rangi za magari kwa jicho. Mlango mpya nauweka kwenye gari kuukuu, mwenye gari anauliza ni upi. Leo simu inifundishe njano? Mtaa mzima nimeshautangazia.

Baba yako

20 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Picha zako ni nzuri, mwanga umeupata sawasawa. Ua na karatasi ni rangi moja, Baba. Vyote vyeupe. Jirani hakukudanganya, wala simu haikusingizii. Nahofia ni macho. Mtoto wa jicho huingia polepole, anaipaka dunia unjano huku mwenyewe unadhani ndivyo ilivyo.

Ziba jicho moja utazame karatasi, kisha ubadilishe. Halafu nenda hospitali, nakusihi. Na ua lisiende kwenye maonyesho kabla hujapimwa. Nikasirikie, lakini nenda.

Mwanao

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Hupokei simu, hujibu barua. Nimempigia jirani wa dukani, anasema anakuona ukipita na chungu kifuani, salamu unaitikia kwa mkono tu.

Nimeomba likizo, msimamizi anasema mpaka msimu wa mauzo uishe. Nguo naziweka kwenye begi, nazitoa, naziweka tena. Jana nimepiga picha sahani nyeupe, nikazikodolea mpaka mwenzangu akauliza kama naumwa. Andika hata mstari mmoja. Hata matusi.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi naendelea.

Nilikukasirikia, nikaenda kwenye maonyesho. Ua likawekwa mezani na kibao: LA NJANO. Watu wakasoma kibao, wakatazama ua, wakatazamana. Mama mmoja akauliza kwa adabu kabisa, "Hilo la njano bado halijaletwa?" Muuza maua hakunicheka. Alikilaza kibao kifudifudi, akaenda kuhudumia wengine. Heri angecheka.

Barua yako ilinikuta pabaya. Gereji sikuacha kwa uchovu kama nilivyokwambia. Gari jeupe lilitolewa nje, mlango nilioupaka ukaonekana wa gari jingine. Nikasema kopo ndilo bovu. Wakaniambia nikapumzike nyumbani. Ua hili nilitaka liwafunge midomo wote.

Nilipotoka sokoni nikaziba jicho moja, nikatazama karatasi. Nikabadilisha. Zilikuwa karatasi mbili, mwanangu, kila jicho na rangi yake. Nikaogopa.

Daktari akasema nina mtoto wa jicho. Nikamjibu mtoto ninaye mmoja na maneno yake yananitosha. Wamenifanyia upasuaji wa jicho la kulia. Alipofungua bandeji akauliza, "Mzee, unaona nini?" Nikasema, "Koti lako lina doa la wino." Akalificha kwa mkono.

Ua ni jeupe. Lakini ukingoni lina bluu, nyembamba kama mstari wa penseli uliofutwa. Nikitumia jicho la kushoto haupo, la kulia upo. Sijui ulikuwepo tangu mwanzo simu ikashindwa kuunasa, au umeletwa na baridi hii ya sasa. Nanyanyuka, natazama, nakaa, nanyanyuka tena.

La kushoto ni mwisho wa mwezi. Naliogopa kuliko la kwanza, maana sasa najua wanachofanya.

Baba yako

11 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole. Ya gereji ungeniambia. Nisingekucheka, ningewaendea.

Nimezikuza picha zako zote. Kwenye mbili kuna kitu ukingoni, labda bluu, labda kivuli cha kidole chako. Siwezi kuapa.

Msimamizi nimemwambia anipe likizo au anipe barua ya kuacha kazi. Amenipa likizo. Nitakuwa hapo kabla ya jicho la kushoto, na mlangoni pa chumba cha upasuaji nitakaa mimi. Usijibu barua hii. Ikikufikia nitakuwa njiani, na hodi yangu unaijua, haina subira.

Mwanao