Siku Mwenda alipofika barabarani

Jumapili, saa tisa alasiri. Ukungu wa Julai haujaondoka Meru tangu asubuhi, na nguo zilizofuliwa juzi bado ni mbichi kwenye kamba. Nimechoka, lakini si uchovu wa kazi.

Niandike tu jinsi ilivyokuwa.

Kagendo ametulelea mtoto mwaka mmoja na miezi minne. Ni msichana wa Kangeta, aliachia shule kidato cha tatu na anataka siku moja afanye mtihani wa kidato cha nne. Mwezi uliopita jirani aliniambia kwamba humwona akisoma uani huku Mwenda akicheza na mchanga. Nilimwita Kagendo, nikamwambia hakuna simu na hakuna kitabu mpaka mtoto alale. Mwenda ana miaka miwili na nusu na hatulii. Kagendo aliitikia, akavirudisha vitabu vyake chini ya kitanda. Niliona nimefanya vyema. Bado naona hivyo kidogo.

Jumatano sikuwa kazini. Duka la dawa ninakouza hapa Makutano hunipa siku hiyo nipumzike. Nilimwambia Kagendo afue, mtoto nitakaa naye mimi. Nikaketi mlangoni na simu. Dada yangu alikuwa ametuma picha za harusi ya binamu yetu kule Muthara, nikawa nazipitia moja moja, nikiangalia nani alikaa karibu na nani.

Sijui niliangalia kwa muda gani.

Nilichosikia ni mtu akigonga geti. Alikuwa mama anayeuza ndizi kwenye kona, amembeba Mwenda ubavuni. Alikuwa amemtoa kando ya lami, lori likija. Nilimshukuru, nikamchukua mtoto. Kagendo alitokea nyuma ya nyumba, mikono imejaa povu, akatuangalia, akarudi kufua.

Sikumwambia mtu yeyote.

Mume wangu anafundisha mbali, huja nyumbani wikendi. Jana alienda kununua ndizi na yule mama akamsimulia. Aliingia jikoni akamwita Kagendo.

"Jumatano mtoto alifika barabarani. Ulikuwa kwa simu ama kwa kitabu?"

Kagendo aliniangalia. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliendelea kukata.

"Pole, Baba Mwenda," alisema.

"Jumatatu utarudi kwenu."

Ningeweza kuandika kwamba nilishtuka, au kwamba nilikuwa nangoja wakati mzuri wa kusema. Haikuwa hivyo. Nilifarijika kwamba swali lilienda kwake.

Leo asubuhi nilipita mbele ya chumba chake, mlango ukiwa wazi. Alikuwa anakunja nguo, Mwenda anazikunjua, naye anazikunja tena bila kumkaripia. Nilimwendea mume wangu, aliyekuwa akipaka viatu rangi, nikamwambia aliyekuwa na mtoto Jumatano ni mimi. Aliiweka brashi chini.

"Na yeye mbona hakusema?"

Alienda kumuuliza mwenyewe. Nikamfuata.

"Ningesema, mngemwamini nani?" Kagendo alijibu. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa anauliza kweli.

Mume wangu alimwomba msamaha. Mimi pia, ingawa maneno yangu yalitoka machache. Nikaongeza kwamba anaweza kusoma, tutapanga saa, na nikiwa nyumbani mtoto ni wangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Asante, Mama Mwenda. Nitakaa mpaka mpate mwingine."

Kisha akaendelea kukunja nguo.

Baada ya ibada nilimtafuta Mama Kinya, mama mmoja wa kanisa letu ambaye hujua wasichana wanaotaka kazi. Nilimwambia nahitaji mtu wa kukaa na mtoto.

"Kwani huyo wako amekosea nini?"

Jibu rahisi lilikuwa tayari mdomoni, kwamba anarudi shuleni. Hakuna ambaye angelitilia shaka.

"Hajakosea," nilisema. "Kosa lilikuwa langu, nikanyamaza akalibeba yeye."

Mama Kinya alinitazama, akavuta leso yake mabegani.

"Nitakuulizia," alisema. "Lakini ujue wasichana nao huulizana kuhusu wanaowaajiri."